Mheshimiwa na Swali la Nyongeza

Mtu akimweleza shida yake, Mheshimiwa alivua kofia. Shida iwe ya nani au ya ukubwa gani, kwake ilikuwa sawa: kisima kilichoingia chumvi, mwalimu asiyeonekana darasani, mbuzi aliyegongwa na gari la wilaya. Alivua kofia, akaiweka gotini, akainamisha kichwa upande wa kulia, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema, "Nimelipokea."

Watu wa kwetu waliondoka hapo wameridhika kama waliokwisha kuchimbiwa hicho kisima. Nilimfahamu kwa miaka kumi, tangu alipoupata ubunge mpaka alipoukosa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimpenda. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba uchungu wangu ni wa mtu aliyemtazama kwa mbali.

Kijijini kwetu Nalungo, kati ya Msimbati na mlango wa Ruvuma, lile neno lake lilihamia majumbani. Mke akisema chumvi imekwisha, mume akajibu "Nimelipokea," mke alijua kwamba siku ile watakula mboga isiyo na chumvi. Lakini mtu yule yule aliyecheka jikoni kwake, Mheshimiwa akija, alikuwa wa kwanza kupanga foleni na shida yake mkononi. Nilikuwa nikiwauliza, mnampelekea za nini kama mnajua hafanyi kitu? Mzee mmoja akanijibu kwamba wengine wote hata kofia hawavui.

Mheshimiwa alinipenda kwa sababu nilikuwa mtoto wa kwanza wa Nalungo kufika Chuo Kikuu. Alikuwa akiniita Msomi Wetu, mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kitu alichonunua. Nilipokuwa likizo alinialika kwake Shangani, Mtwara mjini, nimsaidie kutunga barua alizonakili kwa mkono wake, maana za ofisini bado ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea radhi. Mke wake alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na bati la jikoni lilivuja. Viongozi walipokatazwa kuwa na nyumba za kupangisha, baadhi ya wakubwa walihangaika kuandikisha zao kwa majina ya wake na mashemeji. Yeye hakuwa na cha kuandikisha. Nimetafuta wizi katika maisha yake, kwa bidii ambayo sasa naionea haya, na sikuupata. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi.

Kulikuwa na tabia yake moja ambayo ilinikera kuliko zote. Barua ikikamilika, haiendi posta. Ataibeba mfukoni siku mbili, tatu, mpaka ampate mtu wa kumwonyesha: katibu fulani, mjumbe fulani, yeyote mwenye meza.

"Unaomba ruhusa ya nini?" nilimwuliza. "Wewe si umechaguliwa?"

"Si ruhusa, Msomi. Ni adabu. Mtu asije akakutana na jambo lake barabarani."

"Na akisema usiipeleke?"

"Hajawahi kusema."

"Kwa sababu ukimwona amekunja uso unairudisha mfukoni kabla hajasema."

Alicheka sana. Alikuwa na meno mazuri, na alijua kucheka anapochomwa, akaufanya mchomo uonekane ni zawadi.

Wageni wanaosoma juu ya uchaguzi wetu hufikiri ni ugomvi. Wagombea wawili walikuwa wa chama kimoja, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wote wawili wakazungushwa jimboni ndani ya gari moja, wakihutubia mkutano mmoja na kula sahani moja. Mheshimiwa alikuwa nyumba. Katika uchaguzi wake wa pili, mwenzake wa jembe alishikwa na homa wakiwa njiani kuja Nalungo. Alifika akitetemeka, sauti imekauka, akaketi kwenye mkeka amejifunika blanketi la Mheshimiwa. Mheshimiwa akasimama, akamsemea. Alieleza kwa nini jembe linafaa, akataja barabara ambazo jembe litatengeneza, akaeleza vizuri kuliko mwenyewe. Halafu akanywa maji, akasema sasa atajisemea yeye.

Mama mmoja akapaza sauti: "Huyo mgonjwa tumemsikia. Wewe je, unataka nini?"

"Mimi nataka hayo hayo."

Watu walianguka kwa kicheko. Siku ya kura walimpa nyumba, karibu wote. Mimi niliyekuwa nimetoka kusoma vitabu vizito juu ya demokrasia nilikasirika peke yangu nyuma ya umati, na nilipomwambia mama mkubwa kwamba ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, alisema, "Lakini blanketi lilikuwa lake."

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Hakujaliwa kuzaa. Alinilea mimi, na mikorosho yake ndiyo iliyonisomesha.

Sitaki kumwita mwoga na kuishia hapo, kwa sababu nilimwona mtoni. Vita vya ng'ambo vilipokuwa vikali, familia zilikuwa zikivuka Ruvuma kwa mitumbwi kuja upande wetu, na mara nyingine risasi ziliwafuata majini. Asubuhi moja mtumbwi ulikwama katikati, kwenye fungu la mchanga, na ndani yake tuliona wanawake na watoto. Wavuvi walisita. Mheshimiwa, aliyekuwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa, alivua viatu, akaingia kwenye mtumbwi wa mtu na kuanza kusukuma upondo. Maji yaliruka mbele yake, mahali pawili, patatu, na hakuinama. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye matope ya mikoko. Alirudi na watu wote, akawasalimu kwa Kimakonde, akamwuliza mwanamke mmoja kama mtoto amenyonya. Baadaye alizunguka miezi mizima kuwatafutia mashamba.

Mtu yule yule, wiki iyo hiyo, nilimwona amekaa mbele ya afisa kijana wa umri wangu aliyekuwa akigongagonga kalamu mezani. Kila kalamu ilipogonga, Mheshimiwa alisema, "Naam. Naam." Jasho lilimtiririka shingoni. Nimejaribu kuelewa mtu anayeweza kusimama mbele ya bunduki na hawezi kukaa mbele ya kalamu. Sijaelewa. Labda risasi humtaka mtu mara moja tu.

Mtu pekee aliyemwambia ukweli hadharani alikuwa mtani wake, mama wa Kiyao aliyeuza samaki wa kukaanga sokoni Mtwara. Watani kwetu wana haki ya kumchezea mtu shere hata msibani, na anayechezewa hana haki ya kukasirika. Kwenye msiba mmoja Mikindani, baada ya maziko, yule mama alimpokonya Mheshimiwa kofia, akajifunga shuka kiunoni kama suruali, akakaa kwenye kiti katikati ya wanawake.

"Mheshimiwa," mmoja akaanza, "nyumba yangu inavuja."

Mtani akavua kofia, akainamisha kichwa upande wa kulia vile vile. "Nimelipokea."

"Mheshimiwa, mume wangu amenikimbia!"

"Nimelipokea."

"Mheshimiwa, moto! Nyumba inaungua, na wewe umo ndani!"

"Nimelipokea," mtani alisema, akapiga mwayo. "Nitaliuliza kikao kijacho."

Hata wafiwa walicheka. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akafuta machozi, akamwambia, "Mtani, mwayo sipigi. Hapo umeniongezea." Alimpa kanga mpya kama inavyopasa. Lakini tuliporudi kwa miguu kuelekea kituo cha basi aliniuliza, "Na wewe umecheka?"

"Nimecheka, Mheshimiwa."

"Pale pa nyumba kuungua?"

"Hapo hasa."



Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vipya. Nalungo ilitakiwa ihame yote, ipande juu kwenye uwanda, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwenye mashamba. Najua yaliyosemwa juu ya shabaha ya vijiji. Nilikuwa nimeandika insha Chuoni kuisifu, na nilipata alama nzuri. Nalungo haikukataa. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba tulikuwa wakaidi. Wazee walikaa, wakakubaliana kuhama, wakaomba jambo moja: miezi miwili. Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Korosho haisubiri, isipookotwa, nguruwe na mvua hugawana. Waache waokote, wauze, kisha lori lije.

Walimweleza Mheshimiwa. Alivua kofia.

Safari hii nilikuwa nimeapa hataishia kwenye kulipokea. Nilimfuata Shangani, tukapanga. Swali la msingi la mbunge lazima lipelekwe mapema kwa maandishi, na yeyote anaweza kulisoma na kulikalia. Kwa hiyo tuliandika swali la msingi laini kama uji: Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wananchi wa Nalungo wanaohamia kijiji kipya? Waziri akishajibu, mbunge ana haki ya kusimama tena papo hapo na kuuliza swali la nyongeza, ambalo halipelekwi kokote kabla. Humo ndimo nilimoweka moto. Niliandika kwa mkono wangu, sentensi tatu: kwamba korosho ziko chini; kwamba watu wako tayari kuhama baada ya mavuno; na je, Waziri yuko tayari kutamka hapa, leo, kwamba lori halitafika kabla ya hapo? Akisema ndiyo, inaandikwa na hakuna wa wilayani atakayethubutu. Akisema hapana, nchi nzima imesikia.

Mheshimiwa alisoma mara mbili. "Ina meno," alisema.

"Utaiuliza?"

"Nitaiuliza."

Hakusema amelipokea. Niliondoka Shangani nikiruka.

Siku ya siku nilitoroka masomo, nikapanda mapema mahali pa wageni katika ukumbi wa Bunge Dar es Salaam. Jina lake liliitwa. Alisimama, akasoma swali la msingi kwa sauti nzuri ya msibani. Waziri Mdogo alijibu kwamba wananchi wa Nalungo wamepokea wito kwa furaha kubwa na wanahama kwa hiari yao. Wabunge waligonga meza. Spika akatazama upande wa Mheshimiwa.

Alisimama. Niliiona karatasi yangu mkononi mwake. Niliyatambua hata makunyanzi yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "pamoja na majibu mazuri sana ya Mheshimiwa Waziri..."

Huo ni mwanzo wa kawaida. Kila mbunge hupitia hapo kabla hajang'ata. Nilishika ukingo wa benchi.

"...napenda kuishukuru Serikali."

Akaketi. Meza ziligongwa tena. Ikaitwa namba inayofuata, juu ya josho la ng'ombe mahali fulani kaskazini.

Nilimngojea nje kwenye ngazi. Alitoka na wenzake, aliponiona akawaacha. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi sana. Yeye akatangulia.

"Umekula?" aliniuliza.

Nilimpa mgongo nikaondoka. Sikumwamkia tena kwa miaka.

Lori lilifika Nalungo juma lililofuata, na mgambo. Ilisemwa watu wasisumbuliwe, na kwa kweli hakuna aliyepigwa. Walitolewa vyombo nje, mapaa yakashushwa ili wasirudi. Mama mkubwa aliomba siku moja akaokote zilizo karibu na nyumba. Alipewa mpaka jua liingie. Aliokota akiwa amepiga magoti, nilivyoambiwa, na mgambo wawili wa cheo cha chini kabisa wakamsaidia kwa haya. Zilizobaki ziliota ukungu chini ya miti. Mwaka uliofuata hakuna aliyeweza kwenda kufyeka, kwa umbali ule. Majani yakapanda, moto wa porini ukapita, na shamba lililonisomesha likawa vijiti vyeusi.

Nilipokwenda kumwona mama mkubwa kwenye kijiji kipya nilimlaani Mheshimiwa mbele yake, kwa ufasaha wote niliofundishwa. Aliendelea kuchambua mchele.

"Mwache," alisema. "Ana yake."

Nilimpa somo refu juu ya unyonge wa akili, jinsi watu wanavyofundishwa kuwasamehe wanaowakanyaga. Alisikiliza. Aliuliza kama masomo yangu yanakwenda vizuri, kama bado nasomeshwa. Nikasema yanakwenda. Akasema, "Haya."

Uchaguzi uliofuata Mheshimiwa alishindwa. Hakushindwa kwa ajili ya Nalungo. Alishindwa kwa sababu mwenzake alikuwa kijana na alikuwa na sauti. Nami nikamaliza Chuo, nikapangiwa kazi katika ofisi moja ya mipango Mtwara, nikapewa meza. Na kalamu.

Nilimwona kwa mara ya mwisho nje ya lango la Bandari ya Mtwara, mchana, kwenye kibanda cha chai wanapongojea madereva. Nilikuwa nimekwenda kufuatilia saruji. Malori ya korosho yalikuwa yamepanga mstari hadi barabarani. Alikuwa kwenye benchi, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Aliponiona alisimama. Mzee yule alinisimamia mimi.

"Hujaniamkia tangu siku ya Bunge," alisema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Naona imekwama kidogo njiani, lakini imefika. Kaa."

Nilikaa. Niliuliza pale pale, bila kuzunguka, kwa nini hakuuliza.

Alikoroga chai yake. "Ile karatasi niliionyesha."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenzangu mmoja pale wilayani. Kabla sijasafiri. Adabu tu, unajua ilivyo."

"Adabu!" Dereva mmoja aligeuka kututazama.

"Sikiliza kwanza, halafu unitukane. Akauliza mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Wangu wanaufahamu, Msomi. Wana barua zangu kabati zima. Kesho yake mtu akaenda Nalungo, akauliza kijana wenu anasoma nini, anasomeshwa na nani, likizo hushinda wapi. Alimwuliza mama yako mkubwa. Kwa heshima kabisa, alipewa na maji ya kunywa."

"Hakuniambia."

"Angekuambia ungefanya nini? Ungenyamaza?" Alinitazama juu ya miwani. "Mama yako mkubwa alikuja Shangani kwa lori la nazi. Kiti alikikataa, akakaa chini na mke wangu. Akasema, baba, lile swali liache. Korosho ziache zioze. Mtoto ninaye huyu mmoja."

Kelele za bandarini ziliendelea, mtu akimtukana mtu juu ya turubai. Nikafanya nilichofundishwa kufanya nikibanwa.

"Una ushahidi gani?"

Alicheka kwa meno yake yale, yaliyobaki. "Si yupo? Muulize."

Halafu, kabla sijapumua, alitoa bahasha mfukoni. Kulikuwa na nafasi ya kutunza ghala, yalitakiwa maombi kwa Kiingereza, na mimi najua Kiingereza chake. Na labda, kwa kuwa mimi sasa niko mle ofisini, neno langu moja.

Nilimtazama. Nilijaribu kuona kama ile habari alikuwa ameibeba miaka yote au aliitengeneza asubuhi ile kwa ajili ya bahasha. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba, na macho ya mtu anayeomba hayasomeki. Nikaazima kalamu kwa muuza chai, nikamwandikia barua pale pale, juu ya goti. Nilimwandikia vizuri. Niliandika kwamba ni mwaminifu, maana hilo nilikuwa nimelichunguza. Kazi hakuipata.

Mama mkubwa yu hai. Kutoka mjini hadi kwake ni mwendo wa lori la asubuhi na nusu saa ya miguu. Nimekwenda mara tatu tangu siku ile ya bandarini, kila mara nikikusudia kumwuliza. Mara ya kwanza tuliongea juu ya goti lake. Mara ya pili juu ya bomba la maji, ambalo limechorwa kwenye ramani iliyo mezani kwangu na bado halijafika kwake. Mara ya tatu nilikaa karibu naye kibarazani kwa muda mrefu nikimwangalia anavyopepeta, mpaka akauweka ungo chini.

"Una neno?" aliniuliza.

Nikasema sina.